Mmea wa Chungu Ukiugua: Soma Dalili Kabla ya Kutafuta Dawa

Malalamiko kuhusu maua ya ndani yanafanana, awe mlalamikaji anaishi Tabata ya Dar au Kileleshwa ya Nairobi. Mtu anapiga picha ya jani la njano, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, na chini yake anaandika: "Niweke dawa gani?" Mara nyingi hakuna dawa ya kuweka. Mmea wa sebuleni ukifa, mtuhumiwa wa kwanza ni kopo la maji, na aghalabu kosa lake ni kumwaga sana, si kusahau.

Hapa chini nimepanga mambo kwa dalili. Katika kila dalili, chanzo kinachotokea sana kinatangulia na kile cha nadra kinafuata.

Ukaguzi wa kwanza, dalili iwe yoyote

Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo uliokigandia, maji yapo. Usiongeze, hata kama juu pamekauka na kupasuka. Kisha inua chungu. Kilicholowa ni kizito, na baada ya muda mkono wako utaujua uzito wa kiu bila kidole. Halafu kipindue uangalie tundu la chini, maana vyungu vingi vya kaure vinavyouzwa kwa urembo havina tundu kabisa.

Kuna jingine ambalo wanunuzi wengi hawalitegemei. Wauzaji wa pembeni mwa barabara wakati mwingine huhamishia mche kwenye chungu kizuri bila kuuvua kiriba chake cheusi cha kitalu. Kwa nje unaona chungu kikubwa. Ndani mizizi imebanwa kwenye nailoni na inajizungusha yenyewe. Chokonoa kwa kijiti, vidole vitatu hivi kutoka kwenye shina. Ukigusa nailoni, hamisha mmea leo, uivue, uipasue kwa mkasi badala ya kuuvuta mmea kwa nguvu.

Mwisho, jiulize mmea wenyewe ni wa wapi. Zamioculcas, ule ambao wauza maua huuita ZZ, ni mwenyeji wetu: unaota porini kuanzia Kenya, kupitia Zanzibar na Tanzania Bara, mpaka Afrika Kusini. Wakulima wa maua wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, na leo unauzwa kwa bei ya mmea wa kigeni. Chini ya udongo una viazi vinavyoweka akiba ya maji, kwa hiyo anayeumwagilia kila asubuhi anauozesha. Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ni la milima ya Usambara na milima jirani, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu karibu na vijito. Mimea hii miwili ikikaa kwenye meza moja na kupewa kikombe kimoja cha maji kwa siku zilezile, mmoja lazima utalia.

Majani yanageuka njano

Tazama kwanza ni majani gani na yako mangapi.

Yakiwa mengi kwa pamoja, laini, na udongo umelowa, ni maji. Acha kumwagilia, mwaga maji yaliyotuama kwenye sahani ya chini, sogeza chungu penye hewa. Udongo ukichukua zaidi ya siku kumi kukauka vidole viwili kutoka juu, tatizo ni udongo wenyewe au tundu, na kupunguza maji peke yake hakutatosha.

Likiwa jani moja la chini kabisa, na yale ya juu yanachipuka vizuri, ni uzee. Likate, uendelee na shughuli zako.

Yakiwa ya chini yote yamepauka taratibu kwa miezi, mizizi ni mizima na mmea haujabadilishiwa udongo kwa miaka, huenda una njaa ya naitrojeni. Samadi iliyooza vizuri, kiganja kimoja juu ya udongo wa chungu cha ukubwa wa ndoo ndogo, inatosha. Mbolea ya dukani weka nusu ya kipimo kilichoandikwa. Usiweke mbolea yoyote kwenye mmea wenye mizizi iliyooza. Mizizi iliyojeruhiwa haili, inaungua.

Kama mmea umenunuliwa juzi na unapukutisha majani, usiguse kitu. Umetoka kwenye kivuli cha neti cha kitalu ukaingia kwenye chumba cha kiyoyozi. Upe wiki tatu.

Mmea umenyauka na udongo umelowa

Hii ndiyo dalili inayodanganya kuliko zote. Mwenye nyumba anaona majani yamelala, anaongeza maji, kesho yamelala zaidi, anaongeza tena. Kinachotokea ni kwamba udongo ukijaa maji hauna hewa, mizizi inakosa oksijeni inakufa, kuvu wanaingia kumalizia, na mmea unanyauka kwa kiu huku umesimama ndani ya maji. Hauna tena cha kunywea.

Toa mmea kwenye chungu uunuse. Udongo wenye afya unanuka kama ardhi baada ya mvua. Uliooza unanuka kama mtaro. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya krimu na ni migumu. Iliyooza ni ya kahawia au nyeusi, na ukiivuta kidogo ngozi yake inachomoka kama soksi, ikabaki nyuzi nyembamba ya katikati. Ukiona hiyo, fanya hivi:

1. Osha mizizi kwa maji ya bomba yanayotiririka mpaka uione yote.
2. Futa mkasi kwa spiriti. Kata kila mzizi laini mpaka ufike penye weupe, ukifuta mkasi tena kila unapokata penye uozo.
3. Pakaza unga wa mkaa kwenye majeraha. Zamioculcas na sansevieria (ule mmea wa majani magumu yaliyosimama kama panga) ziache kivulini bila udongo siku mbili tatu ili vidonda vifunge. Mimea ya majani laini haingoji. Ipande siku hiyohiyo.
4. Tupa udongo wa zamani, usiutumie kwa mmea mwingine. Osha chungu kwa sabuni.
5. Kama umekata nusu ya mizizi, punguza na majani kwa kiasi hicho, kisha chagua chungu kidogo zaidi. Chungu kikubwa kwenye mizizi michache ni dimbwi jipya.

Kwa mimea ya kawaida, changanya udongo sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu moja na vumbi la makumbi ya nazi au pumba za mpunga zilizochomwa sehemu moja. Kwa sansevieria, Zamioculcas na mimea ya jangwani, nusu nzima iwe mchanga wa chembe kubwa na kokoto ndogo. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi.

Uozo ukiwa umepanda mpaka kwenye shina na shina linabonyea, mama hapo haponi. Tafuta kipande kizima cha juu ukikate upande upya. Jani la Zamioculcas likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kidogo hutoa kiazi, lakini huchukua miezi mingi, na usilichimbuechimbue kuangalia.

Chanzo cha nadra, baada ya hayo yote: udongo mzuri, tundu lipo, maji ni ya kiasi, na bado mizizi inakufa. Kata mzizi uangalie kama una vinundu vidogo vilivyovimba. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo, minyoo midogo ya kwenye udongo, na walikuja na udongo wa bustanini. Mmea wa kawaida utupe pamoja na udongo wake, usiumwage kwenye shamba la nyanya.

Ncha za majani zimekauka na kuwa kahawia

Dar na pwani yote, mshukiwa wa kwanza ni chumvi. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na kila unapomwagilia chumvi inabaki kwenye udongo huku maji yakipaa. Angalia ukingo wa chungu cha udongo: kuna ukoko mweupe? Ukiukwangua kwa ukucha ukatoka kama unga, ndiyo chumvi, au mbolea iliyozidi. Peleka chungu bafuni au nje, mwaga maji mengi ya mvua taratibu yatoke chini, yafike mara tatu au nne ya ujazo wa chungu. Msimu wa masika kinga ndoo kwa ajili ya maua. Maji ya mvua hayana mpinzani.

Arusha, sehemu za Kilimanjaro na miji ya Bonde la Ufa kuna mshukiwa mwingine: floraidi. Madini yaleyale yanayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watu wa maeneo hayo huunguza ncha za Dracaena, ule wenye shina na majani marefu yaliyochongoka, na Chlorophytum, ule mmea wa majani membamba yenye mistari unaoning'iniza watoto wake. Kuchemsha maji hakusaidii, floraidi haipai, inazidi kukolea. Tumia ya mvua, au panda mimea isiyojali.

Kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja ni cha tatu. Sogeza mmea. Kupulizia majani maji asubuhi hakudumu hata saa moja, kwa hiyo sikushauri ujisumbue.

Mmea umerefuka, shingo nyembamba, umeinamia dirishani

Mwanga. Hakuna haja ya kutafuta zaidi. Adhuhuri weka mkono juu ya mmea: kivuli kikiwa hafifu kiasi kwamba huoni vidole, hapo si mahali pa mmea, ni mahali pa pambo la plastiki. Huku kwetu kusini kidogo ya ikweta, jua hupita upande wa kaskazini katikati ya mwaka na upande wa kusini mwezi Desemba, kwa hiyo dirisha lililokuwa zuri Juni linaweza kuwa na giza mwisho wa mwaka. La mashariki ndilo salama mwaka mzima. La magharibi linaunguza majani laini mchana, na jani lililoungua halirudi kijani.

Sansevieria hustahimili giza, ndiyo maana imejaa kwenye mapokezi ya ofisi, ila kustahimili si kustawi.

Pamba nyeupe, gundi na sisimizi

Vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Vigamba vya kahawia vilivyoganda kwenye shina ni vidugamba. Wote wanafyonza utomvu na kunya sukari, ndiyo ile gundi juu ya meza. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka chungu kila siku, usihangaike nao kwanza. Wanafuata sukari hiyo, na huwalinda wadudu wenyewe dhidi ya adui zao.

Tenga mmea na wenzake. Chovya pamba kwenye spiriti ufute mdudu mmojammoja, mpaka nyuma ya majani. Kisha pulizia sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, ukiongeza kijiko cha chai cha mafuta ya mwarobaini kama unayo. Fanya jioni, jaribu kwenye jani moja kwanza, na rudia kila wiki kwa mwezi mzima, kwa sababu mayai hayafi kwa mara moja. Watu wengi hufanya mara moja, wakaona mmea umesafika, wakaacha. Baada ya wiki mbili wanaandika kuwa mwarobaini ni uongo. Saintpaulia usiipulizie, manyoya yake yanashika maji na kuoza.

Majani yakiwa na vidoti vingi vyeupe na utando mwembamba kama wa buibui upande wa chini, ni utitiri. Anapenda joto kavu. Mpeleke mmea bafuni, uoshe majani kwa nguvu pande zote mbili, urudie kila baada ya siku nne.

Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu ni alama ya udongo usiokauka. Uache ukauke juu, tandaza mchanga unene wa kidole, basi.

Saintpaulia: madoa kwenye majani, na maua hakuna

Madoa na miduara iliyopauka inatokana na maji baridi yaliyogusa majani. Mwagilia kutoka chini: simamisha chungu kwenye beseni la maji yaliyokaa chumbani usiku kucha, nusu saa, kisha kitoe kichuruzike. Moyo wa mmea ukilainika na kuwa mweusi, maji yaliingia katikati, na ni majani ya pembeni tu yanayoweza kuokolewa kwa kuyachomeka upya.

Kutochanua ni mwanga mdogo, kisha chungu kikubwa mno, kisha joto. Hili la mwisho halina ufundi. Mmea huu unapenda nyuzi 18 hadi 24, na usiku wa Januari wa Dar haushuki huko. Lushoto, Arusha, Nairobi na Mbeya utauona unachanua kwenye kopo la rangi lililotobolewa. Inashangaza kidogo kuwa ua hili, lililopelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Tanga, na kupewa jina la kitaalamu na Hermann Wendland mwaka 1893, limo madirishani mwa dunia nzima kuliko lilivyo kwenye nyumba za Tanga. Lile la porini usilichimbe. Baadhi ya aina zake zimebaki kwenye vipande vidogo vya msitu.

Waridi la jangwani: shina limelegea

Adenium ina shina nene linalohifadhi maji. Libonye. Likiwa limesinyaa kote sawasawa na udongo ni mkavu, ni kiu. Baada ya kunyweshwa litajaa lenyewe siku chache zijazo. Likiwa laini upande mmoja, lenye rangi iliyoiva na majimaji, ni uozo. Vaa glavu. Kata kwa kisu kilichofutwa spiriti mpaka nyama iwe nyeupe yote bila mstari wa kahawia, anika kivulini wiki moja hadi mbili, ndipo upande kwenye mchanga na kokoto.

Kupukutika majani wakati wa kiangazi au baridi ya Nairobi ya Juni hadi Agosti si ugonjwa. Tsavo, na mbali kule Dhofar nchini Oman, mmea huuhuu huchanua ukiwa mtupu bila jani. Wakati huo maji uyapunguze.

Sasa onyo. Utomvu wake ni sumu ya moyo; Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huutumia kwenye mishale. Usikate ukiwa na kidonda mkononi wala mtoto akiwa karibu.

Vinavyoonekana ugonjwa na si ugonjwa

Nyumba inanuka mzoga, umehamisha makabati yote na hakuna panya. Una Stapelia barazani? Ua lake la nyota, lenye manyoya na rangi ya nyama, huita nzi kwa harufu hiyo ili wabebe chavua, na nzi hudanganyika kiasi cha kutaga mayai humo. Stapelia gigantea inaota yenyewe kuanzia Tanzania kwenda kusini. Toa chungu nje siku mbili, lakini usilikate ua kabla hujaliinamia na kulitazama vizuri, ukiwa umeziba pua.

Matone kwenye ncha za majani asubuhi, kwa mimea ya jamii ya magimbi, ni maji yaliyozidi usiku yakitolewa nje. Matundu kwenye majani ya Monstera ndiyo maumbile yake. Sansevieria ikitoa mkia wenye maua meupe yanayonukia usiku na kudondosha utamu, furahi, wengi hawaioni hata mara moja. Na mtapo, ule mmea unaofanana na mnazi mfupi, yaani Encephalartos hildebrandtii wa pwani yetu, huweza kukaa muda mrefu bila jani jipya hata moja, kisha ukafungua shada zima kwa mpigo. Kuuchimbua kuangalia kama uko hai ndiko kutakakouua.

Hapa acha, mwite mwenye ujuzi

Mtoto akitafuna jani la Zamioculcas au Dieffenbachia (ule wa majani mapana yenye mabaka meupe), mdomo utawaka kwa sababu ya fuwele kali zilizomo. Mfute, mpe maji asukutue, usimtapishe. Ulimi ukivimba au akipumua kwa shida, hospitali mara moja. Adenium, na mbegu za mtapo, hazina kusubiri dalili: nenda hospitali na kipande cha mmea mkononi. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka robo saa bila kukoma, kisha mwone daktari siku hiyohiyo, maana unaweza kupofusha.

Viuatilifu vya shambani usipulizie ndani ya nyumba, na usinunue vilivyopimwa kwenye chupa ya soda. Kama sabuni na mwarobaini vimeshindwa baada ya mwezi, mpelekee bwana shamba wa kata jani lenye wadudu ndani ya mfuko uliofungwa. Mdudu usiyemfahamu kabisa, hasa kwenye mmea uliotoka nje ya nchi, ni kazi ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, au KEPHIS kwa Kenya.

Na ukiuziwa mtapo mkubwa wenye shina lililochimbuliwa porini, usinunue, hata uwe umenyauka kiasi cha kutia huruma. Jamii yote ya Encephalartos imo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Dai karatasi za kitalu, au nunua mche mdogo uliooteshwa kwa mbegu.